Kipimo kimoja cha damu cha haidatidi kwa mbwa na kwa binadamu: je, inawezekana?

Mtafiti Chipukizi

Wanajukwaa, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fani ya afya ya mifugo, na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu haidatidi, ugonjwa unaoletwa na mnyoo mdogo wa jamii ya tegu uitwao *Echinococcus granulosus*. Kwa wasioufahamu, mnyoo mpevu huishi katika utumbo mwembamba wa mbwa, mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, na kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia huyameza wakiwa malishoni au kwenye maji. Ndani ya mnyama huyo, na vilevile ndani ya binadamu aliyeyameza bila kujua, yai hugeuka kuwa kifuko cha maji ambacho hukua polepole kwa miaka mingi, mara nyingi kwenye ini, na wakati mwingine kwenye mapafu, hadi kufikia ukubwa wa nazi. Mbwa naye huambukizwa pale anapotupiwa ini au pafu lenye vifuko hivyo baada ya mnyama kuchinjwa.

Ninakusudia kufanya kazi Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, eneo ambalo kwa miongo mingi limetajwa kuwa miongoni mwa yenye maambukizi makubwa zaidi duniani. Takwimu za upasuaji zilizochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikadiria wagonjwa wapya takriban 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika sehemu zilizoathirika zaidi. Wazo langu ni kutengeneza utepe mmoja wa kupimia damu ambao mtaalamu anaweza kufika nao kwenye boma, akachukua tone la damu ya mchungaji na tone la damu ya mbwa wake, na kupata majibu yote mawili papo hapo kabla ya familia kuhama.

Nimepata moyo kutokana na kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaompata mbwa na binadamu. Nchini Brazil, ambako mbwa ndiye anayehifadhi vimelea vya kala-azar mijini, utepe uliotengenezwa na taasisi ya Bio-Manguinhos umekuwa ukitumika kuwachuja mbwa kabla ya majibu kuthibitishwa kwa kipimo cha maabara kiitwacho ELISA, na antijeni (chembechembe za kimelea ambazo kinga ya mwili huzitambua) za ukoo huohuo hutumika kuwapima watu. Ikiwa hilo limewezekana kwa kala-azar, kwa nini lisiwezekane kwa haidatidi? Naomba kushauriwa ni antijeni gani nianze nayo na ni mahali gani pa kupata sampuli za kuijaribia. Msimamizi wangu aliposoma ukurasa wa kwanza aliandika pembeni maneno mawili tu, "Kwa nini?", na hadi leo sijajua kama ananiuliza kwa nini nifanye utafiti huu au kwa nini nimechagua damu.

Fundi wa Seramu

Ndugu Mtafiti Chipukizi, nadhani msimamizi wako anauliza kuhusu damu, na ni vyema umjibu kabla hujagusa suala la antijeni, kwa sababu hapo ndipo mfano wako wa kala-azar unapovunjika.

Kimelea cha kala-azar kikishaingia mwilini, kiwe kwa mbwa au kwa mtu, hukaa katika umbo lilelile na ndani ya chembe zilezile za kinga, katika wengu, ini na uboho wa mifupa. Mwili wa mbwa na mwili wa mtu hukutana na adui mmoja, mahali pamoja, na vyote viwili humwaga kingamwili nyingi ndani ya damu. Ndiyo maana protini moja, kwa mfano ile inayoitwa rK39, inaweza kuzinasa kingamwili za pande zote mbili. Kwa haidatidi hali ni tofauti kabisa. Mbwa ana mnyoo mpevu wenye urefu wa milimita 2 hadi 7, pengine maelfu ya minyoo hiyo kwa pamoja, iliyojishikiza kwenye ukuta wa utumbo bila kuutoboa na kuingia katika damu; mtu ana lava (kimelea kichanga) iliyofungwa ndani ya kifuko katika kiungo kilicho mbali na utumbo. Ni kimelea kimoja kwa jina, lakini katika hatua mbili za maisha zinazotoa protini tofauti na kuamsha kinga kwa namna tofauti. Antijeni nzuri kwa mtu haina sababu ya kuwa nzuri kwa mbwa.

Damu ya mbwa ilikwisha kujaribiwa. Miaka ya 1980 na 1990 watafiti, hasa wa Australia, walitafuta kingamwili za mnyoo huu katika seramu (majimaji ya damu) ya mbwa, na wakazipata, ila si kwa namna inayosaidia sana. Mbwa wengi waliokuwa na minyoo hawakuonyesha kingamwili za kutosha, na mbwa waliokwisha kupewa dawa waliendelea kuzionyesha kwa muda ingawa utumbo wao ulikuwa safi. Kingamwili katika damu ya mbwa husema kwamba mnyama huyu aliwahi kukutana na kimelea. Haisemi kama leo anamwaga mayai uani ambako watoto wanacheza. Kwa mtu anayetaka kuzuia ugonjwa, swali la pili ndilo lenye thamani.

Kilichofaulu kwa mbwa ni kinyesi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kumekuwa na ELISA inayotafuta antijeni za mnyoo wenyewe ndani ya kinyesi, na kundi la Chuo Kikuu cha Salford nchini Uingereza lilichangia sana katika kazi hiyo. Ubora wake ni kwamba huweza kuonyesha maambukizi hata kabla mnyoo haujaanza kutoa mayai, na mbwa akishapewa dawa ya minyoo ya prazikwanteli antijeni hizo hutoweka katika siku chache, kwa hiyo jibu linahusu hali ya sasa na si historia. Darubini haikusaidii hapa, kwa kuwa mayai ya *Echinococcus* hayatofautiki kwa macho na mayai ya tegu wengine wa mbwa. Na hata hiyo ELISA huweza kuchanganywa na *Taenia hydatigena*, tegu ambaye ni wa kawaida sana kwa mbwa wa wafugaji, kwa hiyo sampuli zenye shaka hupelekwa kwenye kipimo cha PCR ili jibu lithibitishwe kwa vinasaba.

Sasa turudi kwa binadamu, ambako damu ina nafasi yake. Malighafi ya kale ni maji ya kifuko yenyewe, yanayovutwa kwa sindano kutoka kwenye maini na mapafu ya kondoo au ngamia machinjioni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwitaliano Tomaso Casoni aliyatumia kwa kuyachoma ndani ya ngozi ya mgonjwa na kusubiri uvimbe utokee; kipimo hicho kilitumika kwa miongo mingi ingawa kiliwashuku watu wengi wasio na ugonjwa, na leo kimeachwa. Ndani ya maji hayo zipo antijeni mbili zinazotajwa kila mara, antijeni B na antijeni 5. Antijeni B ndiyo inayopendelewa na wengi kwa sababu inachanganywa kidogo na magonjwa mengine kuliko antijeni 5, na inaweza kutengenezwa maabara kwa njia ya vinasaba badala ya kutegemea ini la kondoo fulani ambalo kesho halitapatikana.

Hata hivyo usitarajie makubwa. Kifuko kina ukuta imara, na kikiwa kichanga na kizima kabisa antijeni zake huvuja kidogo mno, kwa hiyo mgonjwa anaweza kutembea na kifuko kikubwa tumboni huku damu yake ikisema hana kitu. Vifuko vilivyokufa na kugeuka chokaa navyo mara nyingi havionyeshi kingamwili. Vilivyo kwenye mapafu hujificha zaidi kuliko vya ini. Kwa upande mwingine, mtu aliyefanyiwa upasuaji na kupona anaweza kubaki na kingamwili kwa miaka, na mtu mwenye lava za tegu wa nguruwe anaweza kutoa jibu la uongo. Kwa ufupi, damu ya mtu hutegemea hali ya kifuko, na kifuko huwezi kukiona kwenye utepe.

Mganga wa Mifugo, Loliondo

Naongeza jambo dogo la upande wa mbwa. Umewahi kumkamata mbwa wa mfugaji ambaye hajawahi kufungwa kamba, umtoe damu mshipani? Hapa kwetu kaskazini mwa Tanzania, ambako ugonjwa huu upo pia miongoni mwa Wamasai, kila mbwa ni kazi ya watu watatu na hofu ya kichaa cha mbwa juu yake. Kinyesi huokotwa asubuhi na mapema kuzunguka boma bila kumgusa mnyama, isipokuwa ujue kwamba hutakuwa na uhakika ni cha mbwa yupi, jambo ambalo halina madhara makubwa ikiwa unapima kiwango cha maambukizi katika eneo na si mbwa mmoja mmoja.

Jambo la pili ni la gharama. Prazikwanteli kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito humwondolea mbwa minyoo hii, na kwa kuwa mnyoo huchukua takriban wiki sita kabla ya kuanza kutoa mayai, programu nyingi zilizofanikiwa zimekuwa zikirudia dawa kila baada ya muda wa namna hiyo kwa mbwa wote, awe ameambukizwa au hajaambukizwa. Kwa hiyo kipimo cha mbwa hakitumiki kuamua nani apewe dawa. Hutumika kujua kama dawa inafanya kazi. Usisahau pia kwamba kuna taarifa ambayo hulipii: nenda kwenye machinjio, angalia maini ya kondoo wadogo kwa umri, vifuko vikipungua kwao mwaka hadi mwaka, ujue malisho yanazidi kuwa safi.

Sonografa wa Kaskazini

Mimi nimefanya kazi ya ultrasaundi Turkana kwa miaka kadhaa, na ninaomba kuongeza kile ambacho huenda kinakosekana kwa mtu anayeusoma ugonjwa huu kutoka kwenye maabara.

Swali lako, ndugu, limewahi kuulizwa hapahapa Turkana. Programu ya kudhibiti haidatidi ya shirika la afya la AMREF ilianza mwaka 1983, na wakati huo wengi waliamini kwamba njia ya kuwafikia wafugaji wanaohamahama ni kuchukua damu, kuipeleka maabara na kurudi na majibu. Kisha ikaja mashine ya ultrasaundi inayobebeka. Mwaka 1987 Macpherson, Romig na Zeyhle walichapisha ulinganisho wa mashine hiyo na vipimo vya seramu katika jamii ya wafugaji, na mashine ikashinda: watu waliokuwa na vifuko vilivyoonekana wazi kwenye kioo walikutwa na damu isiyo na kingamwili. Tangu hapo uchunguzi wa jamii katika eneo hili, pamoja na maeneo ya wafugaji wa Sudan, Ethiopia na Tanzania, umejengwa juu ya picha.

Faida ya picha haiishii kwenye kuona. Ini huonekana palepale, mgonjwa akiwa amelala juu ya mkeka chini ya mti, naye huonyeshwa kifuko chake mwenyewe, jambo ambalo nimeona likimshawishi mzee mkaidi kuliko hotuba yoyote. Isitoshe, tangu mwaka 2003 kuna mpangilio wa kimataifa wa hatua za kifuko, kutoka CE1 hadi CE5, na hatua ndiyo inayoamua tiba. Kifuko kidogo kilicho hai kinaweza kutibiwa kwa albendazoli kwa miezi kadhaa. Kingine huchomwa sindano chini ya ultrasaundi, maji yakanyonywa, dawa ya kuua vimelea ikaingizwa, kisha yakanyonywa tena. Kingine kinahitaji kisu. Na kile kilichogeuka chokaa huachwa kikaangaliwa tu. Jibu la damu linalosema "ndiyo" halikupi lolote kati ya hayo. Nimewahi kumpokea mama mmoja aliyeambiwa katika kituo fulani, kwa kipimo cha damu peke yake, kwamba lazima apasuliwe, akauza mbuzi kwa ajili ya safari. Nilipomweka kwenye mashine nilikuta kifuko kimoja kilichokufa zamani, kigumu kama kokoto, ambacho hakikuhitaji chochote.

Lakini sitaki useme kwamba nimeidharau damu. Ultrasaundi haioni vizuri ndani ya mapafu, huko tunahitaji eksirei, na hata kwenye ini kuna nyakati ninapoona mfuko wa maji usio na alama yoyote ya pekee na siwezi kuapa kama ni haidatidi, ni uvimbe wa kuzaliwa nao au ni jipu. Hapo ndipo ningelipia utepe mzuri. Ukinitengenezea kipimo kitakachoniambia, kwa mgonjwa ambaye tayari nimemwona, kwamba kifuko hiki ni cha mnyoo au si cha mnyoo, utakuwa umenisaidia kuliko ukinipa cha kupima kijiji kizima.

Mwisho, ninaomba pendekezo lako lisirudie yale maelezo ya vitabu vya zamani yanayomlaumu mama wa Kiturkana na mbwa wake kana kwamba ugonjwa ni tabia yake. Mbwa huyo hulinda mtoto na mifugo mahali ambapo maji ya kunawa huchotwa kwenye mto mkavu kwa saa nyingi. Ukifika bomani ukiwa na lawama, hutapata damu wala kinyesi.

Mtafiti Chipukizi

Nawashukuru sana, Fundi, Daktari wa Loliondo na wewe Sonografa. Nakiri kwamba nilidhani ubishi ungekuwa juu ya antijeni ipi, kumbe nimekosea hatua moja nyuma yake. Hoja ya kwamba mbwa na mtu wamebeba hatua tofauti za mnyoo nilikuwa naijua tangu darasani, ila sikuwahi kuiunganisha na kipimo.

Bado jambo moja linanitatiza. Fundi amesema nisitarajie makubwa, lakini vipimo vingi vya seramu hutangazwa kuwa na uwezo wa asilimia 80 au 90. Mbona idadi hizo hazionekani mbaya? Kama nitakosa wachache na kuwashuku wachache, je, si bora kuliko kutokuwa na kitu katika eneo ambalo mashine ya ultrasaundi hufika mara moja kwa mwaka?

Fundi wa Seramu

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Chukua watu 1,000 wa eneo ambalo asilimia 2 wana vifuko, yaani watu 20. Kipimo chako kina uwezo wa kuwanasa wagonjwa 80 kati ya kila 100, na uwezo wa kuwaachilia wazima 90 kati ya kila 100. Kati ya wagonjwa 20 utawanasa 16 na kuwakosa 4. Kati ya wazima 980 utawaachilia 882, na 98 utawaambia kwamba wana ugonjwa. Sasa una watu 114 wenye jibu la "ndiyo" mkononi, na kati yao wenye ugonjwa kweli ni 16, takriban mmoja kati ya kila saba. Wale sita wengine ndio watakaouza mbuzi.

Kisha uchukue utepe huohuo, usioongezewa ubora wowote, umpe Sonografa autumie kwa watu 100 ambao tayari ameona mfuko wa maji wenye shaka kwenye ini zao, na tuseme nusu yao wana haidatidi. Utawanasa 40 kati ya 50, na utawashuku kimakosa 5 tu kati ya 50 waliobaki. Majibu 40 kati ya 45 ya "ndiyo" yatakuwa sahihi. Tofauti yote imetokana na mlango ambao mgonjwa aliingilia. Kwa hiyo pale utakapoandika lengo la utafiti, usiandike "kutengeneza kipimo cha haidatidi". Andika kipimo hicho ni cha nani, kinafanywa lini, na jibu lake litabadilisha uamuzi gani. Ukishindwa kujaza nafasi ya mwisho, msimamizi ataandika tena maneno yake mawili.

Kuhusu sampuli, hapa ndipo watu wengi huanguka. Kipimo hupimwa kwa urahisi kwa kulinganisha seramu za wagonjwa waliofika hospitali na vifuko vikubwa dhidi ya seramu za wanafunzi wenye afya wa mjini, na matokeo hupendeza macho. Wewe utahitaji seramu za watu waliokwisha kupigwa ultrasaundi, hatua ya kila kifuko ikiwa imeandikwa kuanzia CE1 hadi CE5, ili useme waziwazi kwamba kipimo kinafanya vizuri kwa hatua ipi na kinashindwa kwa ipi. Wasio na ugonjwa nao watoke eneo lilelile, wawe wamepigwa ultrasaundi, kwa maana miili yao imekutana na minyoo na vimelea vilevile vya mazingira hayo. Ongeza seramu za wenye lava za tegu wa nguruwe kutoka maeneo ya ufugaji wa nguruwe, kama vile magharibi mwa Kenya, kwa ajili ya kukijaribu kipimo kwa makusudi.

Kala-azar ina funzo hapa pia, tofauti na lile ulilolitafuta. Antijeni ya rK39 ilipatikana kutokana na kimelea cha Amerika ya Kusini. Katika uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2014, utepe wake uliwanasa takriban asilimia 97 ya wagonjwa wa Bara Hindi, ila takriban asilimia 85 tu ya wagonjwa wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana watu waliendelea kutafuta mchanganyiko mwingine, rK28, wakitumia seramu za Sudan. Turkana ina zaidi ya aina moja ya *Echinococcus*, ikiwemo ile ya ngamia inayoitwa G6 pamoja na ile ya kondoo inayoitwa G1. Antijeni iliyosanifiwa kutokana na kondoo wa Ulaya au wa Argentina usiiamini mpaka imeonja seramu ya hapa.

Mtafiti Chipukizi

Nimeandika upya. Pendekezo sasa lina sehemu mbili ambazo haziungani kwenye utepe bali kwenye boma: kwa watu, kipimo cha damu chenye antijeni B iliyotengenezwa maabara, kitakachojaribiwa kwa wale tu ambao ultrasaundi imeonyesha mfuko wenye shaka; na kwa mbwa, ELISA ya kinyesi, nikilinganisha hali kabla ya dawa na baada ya dawa. Nimempelekea msimamizi, na safari hii ameandika "Friza iko wapi?" Nimesoma kwamba kinyesi cha mbwa lazima kigandishwe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri kabla ya kuguswa. Friza ya namna hiyo iko mbali sana na eneo langu la kazi. Je, friza ya kawaida ya nyumbani, au spiriti, haiwezi kutosha?

Fundi wa Seramu

Haitoshi, na hapa tafadhali usijaribu bahati yako. Mayai haya hustahimili friza ya kawaida, na spiriti au fomalini hazikuhakikishii kwamba yamekufa. Anayefungua chupa bila kujua hilo anaweza kumeza yai leo na kugundua kifuko chake baada ya miaka 10. Ugandishaji wa nyuzi 80 chini ya sifuri kwa siku kadhaa huyaua, ila kama friza haipo una njia nyingine: joto. Antijeni zinazotafutwa katika kinyesi hustahimili joto, wakati mayai hayalistahimili, na watafiti wamekuwa wakizipasha sampuli kwa nyuzi 70 kwa saa 12 kisha wakaendelea na ELISA. Tanuri dogo la maabara linaloendeshwa kwa jenereta litafanya kazi hiyo. Kwa zile chache utakazotaka kuzipima kwa PCR, zitenge mapema na uzifungashie barafu kavu hadi kwenye friza, kwa sababu kila njia ya kuhifadhi hufaa kipimo kimoja na kukiharibu kingine, na ni afadhali uamue hayo ukiwa bado mjini.

Mganga wa Mifugo, Loliondo

Na uvae glavu hata unapookota. Kingine: waombe wenyeji wakuonyeshe mbwa wanaporudi kulala alfajiri, utapata kinyesi kibichi na utajua angalau ni cha boma lipi.